Kodi ndogo ya nyumba ya halmashauri ina hesabu zake Mafia

MTUMISHI wa umma anayepangiwa kazi Mafia kwa kawaida huanza kwa kutafuta chumba cha mtu binafsi Kilindoni, na akibahatika baadaye hupewa nyumba ya halmashauri. Wengi huichukulia barua ya kupewa nyumba kama nyongeza ya mshahara. Mara nyingi ni kweli, lakini ukubwa wa nyongeza hiyo na siku inapoanza kuonekana mfukoni ni mambo ambayo barua yenyewe haiyasemi.

Tuanze na soko. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani Mafia, na ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 66,000. Idadi ya watu imepanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka kumi, lakini saruji, nondo na mabati bado vinavuka bahari kabla ya kufika kwa fundi. Anayejenga Kilindoni hulipa bei ya Bara, kisha juu yake huweka nauli ya chombo, upakiaji na upakuaji. Fedha hizo hazina pa kurudi isipokuwa kwa mpangaji.

Ndiyo maana mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka, kwa mkupuo. Kwake ni mtaji wa kumalizia chumba cha pili, tena mtaji usio na riba. Mpangaji hapo ndiye mkopeshaji, ingawa hakuna anayemwita hivyo.

Upande wa umma una historia yake. Mwaka 2002 Serikali ya awamu ya tatu ilianza kuwauzia watumishi nyumba zake, na mwaka huo huo ukaanzishwa Wakala wa Majengo Tanzania (TBA). Waliouziwa walipata mali, waliokuja nyuma yao wakapata foleni. Mwaka 2005 ikafutwa sheria ya 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango, na tangu hapo kodi ya chumba cha mtu binafsi imekuwa ni ya maelewano. Kwa hiyo mtumishi wa leo yuko kati ya soko lisilodhibitiwa na nyumba chache za umma ambazo kodi yake haipangwi na soko.

Sasa tufanye hesabu. Viwango vya makato hapa chini ndivyo vilivyopo, bali mshahara na kodi za nyumba ni vya mfano; kila msomaji aweke vyake.

Chukua mwalimu mwenye mshahara wa Sh. 800,000 kwa mwezi. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani Sh. 40,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh. 24,000. Kodi ya mshahara (PAYE), baada ya kutoa mchango wa pensheni, ni Sh. 68,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, nayo ni Sh. 120,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh. 16,000. Anabaki na Sh. 532,000.

Tuseme amepanga Kilindoni kwa Sh. 70,000 kwa mwezi. Januari alilipa miezi sita, Sh. 420,000, na dalali akachukua ya mwezi mmoja. Katikati ya Februari anapata barua ya nyumba ya halmashauri yenye kodi ya Sh. 30,000. Anahama Machi mosi. Kwa hesabu ya haraka ameokoa Sh. 40,000 kila mwezi.

Lakini kwa mwenye nyumba wa zamani amebakiza miezi minne, Sh. 280,000. Wapangaji wengi hulilia fungu hili. Mhasibu atawaambia kwamba fedha hizo zimekwishatoka. Akihama au akikaa, hazirudi bila makubaliano. Kinachoongezeka kwa kuhama ni kodi ya halmashauri, Sh. 30,000 kwa miezi minne ambayo angeweza kukaa Kilindoni bila kulipa kitu, yaani Sh. 120,000. Kuanzia Julai ndipo anapookoa Sh. 40,000 kwa mwezi kweli kweli. Inamchukua Julai, Agosti na Septemba kufidia. Faida yake ya kwanza inaonekana Oktoba, na hapo hatujataja gari la kubebea kitanda na kabati.

Je, aikatae nyumba hadi Juni? La. Nyumba ya umma ikikataliwa hupewa aliye nyuma kwenye foleni, na hakuna anayejua foleni itamrudia lini. Lililo bora ni kuzipunguza zile Sh. 280,000. Mafia hupokea walimu na wauguzi wapya, nao hufika na posho ya kujikimu ya siku chache na hawana pa kulala. Mpangaji anayehama akimpeleka mgeni wa namna hiyo kwa mwenye nyumba, mgeni akamlipa yeye ile miezi minne, mwenye nyumba hapotezi hata senti. Inahitajika ridhaa yake tu, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi yenye sahihi tatu.

Kuna jambo la taarifa pia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, upangaji usio na muda maalumu huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na taarifa ya kuondoka isiwe fupi kuliko kipindi hicho. Anayelipa kila mwezi anatoa taarifa ya mwezi mmoja. Aliyezoea kulipa miezi sita sita bila mkataba wa maandishi anaweza kuambiwa taarifa yake nayo ni ya miezi sita. Anayetegemea kupewa nyumba ya halmashauri aweke kipengele cha kuvunja mkataba tangu siku ya kwanza, hata kama mwenye nyumba ni shemeji yake.

Tukirudi kwenye hati ya mshahara, kuna kanuni kwamba makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara. Kwa mwalimu wetu theluthi ni Sh. 266,667. Kama ana mkopo wa benki wa marejesho ya Sh. 250,000 kwa mwezi, anabaki na Sh. 282,000. Halmashauri ikitaka kukata kodi yake ya Sh. 30,000 kwenye mshahara, atashuka hadi Sh. 252,000, na makato hayo hayapiti. Kodi isipokatwa huwa haijafutwa. Inalala kama deni, na deni hilo humkuta siku ya uhamisho au ya kustaafu, akiwa anadai stahili zake. Mwenye mkopo mkubwa aulize mapema kodi italipwaje. Akiambiwa alipe mwenyewe, alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, si mkononi kwa mtu, na stakabadhi azitunze.

Wenye vyeo vinavyostahili nyumba au posho ya nyumba wana hesabu nyingine. Wakipewa nyumba, posho inakoma. Tena posho hiyo kwa mtumishi wa Serikali haihesabiwi katika mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo shilingi inayokoma ni shilingi nzima. Afisa aliyekuwa na chumba cha bei nafuu na posho nono anaweza kujikuta amehamia nyumba kubwa na kupungukiwa.

Wenye hoteli za Utende wasijilinganishe na hao. Mwajiri wa kampuni binafsi anayempa meneja nyumba ajue kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaihesabu nyumba hiyo kuwa sehemu ya mapato ya mfanyakazi. Huchukuliwa asilimia 15 ya mapato yake ya mwaka au gharama anayodai mwajiri kwa nyumba hiyo, ile iliyo kubwa, mradi isizidi kodi ya soko.

Halafu kuna LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme. Mpangaji mwenye mita yake amekuwa akimlipia mwenye nyumba kodi ambayo si yake, na akifunga hesabu ana haki ya kuitaja. Kule anakohamia, asipokee funguo kabla ya kuona kama mkaaji aliyetangulia ameacha deni la umeme au maji. Bati bovu na mlango ulioliwa na mchwa viandikwe siku hiyo hiyo. Matengenezo ya fedha zake asiyaanze bila kibali, kwani nyumba ikirudishwa, bati jipya linabaki juu ya paa.

Juani, Jibondo, Chole na Bwejuu hali ni tofauti kidogo. Huko vyumba vya kupangisha ni haba, na nyumba ya shule au ya zahanati ndiyo soko lote. Akiiacha familia Kilindoni kwa ajili ya shule ya watoto, unafuu wa kodi unaliwa na majiko mawili na nauli ya mashua.

Kuhusu matumaini ya kuuziwa nyumba kama ilivyotokea 2002, mtumishi asiyatie kwenye bajeti. Nyumba ya halmashauri inakwenda na kazi, na siku ya kustaafu hurudishwa. Zile Sh. 40,000 kwa mwezi ni Sh. 480,000 kwa mwaka. Zikiwekwa kando tangu Oktoba ile ya kwanza, kabla mkopo mwingine haujaziona, ni mwanzo wa kiwanja.

Wenye vyumba Kilindoni nao wasome hesabu hizi. Kila nyumba mpya ya mtumishi inayokamilika inawaondolea mpangaji mwenye mshahara wa uhakika. Anayekubali malipo ya miezi mitatu na taarifa ya mwezi mmoja atapata mtaji mdogo kwa mkupuo, lakini atampata yule mwalimu mpya anayeshuka kutoka Nyamisati na posho ya siku chache, ambaye miezi sita hawezi kuilipa.