Parseli ya Musaga na Wanasheria Walio Katika Staji



Wengi wetu tunaopanda Musaga jioni tukitoka kazini tuna hazina moja tu, nayo ni parseli. Tumeilipa kwa mishahara ya miaka mingi. Lakini mwulize mwenzako hati iko wapi, atakutolea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye sahihi za muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba fedha zilitolewa. Haitoshi kuonyesha kwamba ardhi ni yako mbele ya kila mtu.

Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011, iliyochukua nafasi ya ile ya 1986, inatambua hati za namna mbili. Kuna hati miliki, inayotolewa na Mhifadhi wa Hati za Ardhi wa serikali baada ya kiwanja kupimwa. Hiyo ndiyo benki huitaka kwa rehani. Kuna pia cheti cha ardhi, kinachotolewa na ofisi ya ardhi ya komini kwa ardhi isiyoandikishwa, baada ya majirani kuitwa kuitambua mipaka papo hapo.

Sasa, wanasheria vijana wanaingiaje? Aliyemaliza masomo ya sheria hawi wakili kamili mpaka afanye staji chini ya wakili mzoefu. Ni utaratibu mzuri. Ila ofisini kwa wakili kesi ya ardhi hufika ikiwa imekwisha kuoza: parseli imeuzwa mara mbili, muuzaji amehama, mashahidi hawaonekani. Mfanyakazi naye hana fedha za wakili. Kwa maoni yetu, sehemu ya staji ifanywe katika ofisi za ardhi za komini, mahali ambapo ugomvi bado ni mdogo.

Huko kijana angemsomea mnunuzi maandishi ya Kifaransa kwa Kirundi au Kiswahili kabla hajatia sahihi. Angemwuliza kama jina la muuzaji ndilo lililo kwenye daftari, na kama kiwanja hakiingii ukingoni mwa mto, kwa maana kingo za mito ni mali ya umma. Angemwuliza pia kuhusu mke. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi; mahakama hufuata mila, na mjane ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote hupata taabu kubwa kwa ndugu za marehemu.

Mwanastaji asitie sahihi kwa niaba ya komini, wala asipokee hata faranga moja kwa mwananchi. Makomisioneri wa viwanja tunao wa kutosha.

Wakati huo haujafika. Kwa hiyo mwenye karatasi tupu aulizie ofisi ya ardhi sasa, wakati muuzaji na majirani wa zamani wangali hai, na aende na mke wake.