Kadi ya Grafiki na Umeme Wake

Mtu wa Karatu ambaye riziki yake ni kuhariri picha za vifaru na simba wa Kreta ya Ngorongoro, akiazimu kuitia kompyuta yake ya mezani kadi ya grafiki yenye nguvu zaidi, hana budi kwanza kuutazama umeme utakaoilisha. Kwani tundu la PCI Express, ambamo kadi hupachikwa, hutoa wati 75 tu, na kinachozidi hapo sharti kije kwa nyaya kutoka pawasaplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 wati 150.

Wala asighurike na jumla ya wati iliyoandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Asome ampea za volti 12, azizidishe kwa 12, maana ampea 30 ni wati 360, na humo prosesa nayo hudai hisa yake. Adapta ya kuilisha kadi kwa plagi ya diski, iitwayo SATA, ambayo hustahimili wati 54 tu, naikataa kabisa, kwa kuwa yaweza kuyeyuka na kuleta moto.

Nami, kwa yakini, ningetanguliza pawasaplai madhubuti kabla ya kadi yenyewe.