Mtoto Anaharisha? Shika Kijiko

“Daktari, nimempa ORS tangu jana na bado anaharisha. Hii dawa haimfai.”

Mama aliyesema hivyo alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne mgongoni, ndani ya kanga. Mkononi alishika mfuko wenye pakiti ya ORS iliyotumika nusu, chupa ya antibayotiki ya Flagyl kutoka duka la dawa, na kopo la glukosi. Nilimuuliza swali ambalo hakulitarajia: “Amekojoa lini mara ya mwisho?” Akafikiri. “Jana jioni, nadhani.” Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama huyu hakuwa mzembe. Ameambiwa ORS ni dawa ya kuharisha, na kwa akili ya kawaida dawa ya kuharisha ni ile inayozuia kuharisha. Lakini ORS haizuii. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi ambazo mtoto anazipoteza, huku utumbo ukijiponya wenyewe. Mzazi akilielewa hilo, ataacha kuhesabu nepi zilizochafuka na kuanza kuhesabu vijiko vilivyomezwa.

Kinachoua ni ukavu

Watoto wadogo wengi wanaoharisha choo cha majimaji wameambukizwa virusi, na kwa miaka mingi kinara wao ni virusi vya rota. Mara nyingi huanza na homa na kutapika, kisha tumbo linafunguka. Kutapika hutulia baada ya siku moja au mbili. Kuharisha kwaweza kuendelea siku tano hadi saba, na mwili huvishinda virusi bila kusaidiwa na kidonge chochote cha kuviua.

Hatari ipo katika siku hizo za kusubiri. Mtoto wa kilo 10 akipoteza nusu lita ya maji, dalili huanza kuonekana: ana kiu, anasumbua, macho yanaingia ndani. Akifikia kupoteza lita nzima, maisha yake yako hatarini. Mkulima anayelima juani anaweza kutoka jasho la kiasi hicho, akanywa maji, akaendelea na jembe lake. Mtoto hana akiba hiyo.

Chumvi na sukari, mkono kwa mkono

Kwa nini maji matupu hayatoshi? Ukuta wa utumbo mwembamba una milango midogo ambayo chumvi hupita ikiwa imeshikana mkono na sukari. Zikiingia pamoja, maji huzifuata. Hata virusi vinapoharibu sehemu ya utumbo, milango mingi hubaki wazi. Hiyo ndiyo siri yote ya ORS: chumvi na sukari kwa kipimo kinachofanya maji yafuate.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Dripu zilipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya chumvi na glukosi kwenye maji, wakawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya vinne. Wengi wa waliookoa maisha pale hawakuwa madaktari. Walikuwa mama, baba na dada wa wagonjwa.

Kipimo kikizidi, mambo hugeuka. Unapotengeneza kachumbari, ukinyunyizia chumvi vitunguu vilivyokatwa, baada ya muda maji yanachuruzika. Ndivyo inavyokuwa tumboni mtoto akinyweshwa kitu kizito mno kwa sukari au chumvi: maji hutoka mwilini kwenda kwenye utumbo, na kuharisha huongezeka. Soda na juisi za pakiti zina tabia hiyo. Glukosi peke yake, nayo, ni sukari iliyokuja bila mwenzake wa kumshika mkono.

Kutengeneza na kunywesha

Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Pima maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kisha mimina unga wote. Ukipima kwa chupa ya dukani, angalia kibandiko, maana chupa nyingi kubwa ni za lita moja na nusu. Usigawe unga kwa kukisia ili kutengeneza kikombe kimoja kimoja. Funika, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga.

Pakiti ikikosekana kabisa, tumia lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visiwe vya mlima. Ukikosea, afadhali ukosee kwenye sukari, maana chumvi ikizidi ni hatari kubwa zaidi. Maji ya wali au supu nyepesi yenye chumvi kidogo pia husaidia wakati mtu ametumwa kufuata pakiti.

Kila mtoto anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Aliyetimiza miaka miwili na kuendelea apewe mililita 100 hadi 200.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtoto ana kiu, anapewa kikombe, anakigugumia chote, kisha anakitapika chote. Mzazi anahitimisha kuwa ORS inamtapisha. Tumbo lililokasirika halipokei kikombe, lakini kijiko hupokea. Mpe kijiko kidogo kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu.

Waweza kuona ni kazi ya kuchosha isiyo na tija. Fanya hesabu. Kijiko kidogo ni mililita 5. Kijiko kimoja kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa moja. Saa nne ni mililita 600, zaidi ya ile nusu lita iliyoanza kumtia hatarini mtoto wetu wa kilo 10. Ni kazi ya kupokezana: baba saa moja, bibi saa moja, dada saa moja.

Titi, uji na zinki

Kumnyima mtoto chakula ili tumbo lipumzike ni kumwongezea udhaifu. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Aliyeanza kula apewe chakula chake cha kawaida kidogo kidogo: uji, mtori, wali laini, ndizi mbivu, na tone la mafuta kwenye uji ili kuongeza nguvu. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili ili afidie uzito aliopoteza.

Pamoja na ORS, omba zinki. Mwenye miezi sita na zaidi hupewa kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Chini ya miezi sita, nusu kidonge. Hupewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakuwa kigumu siku ya nne. Siku hizo zinazoonekana za ziada husaidia kumkinga mtoto asiharishe tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Antibayotiki haziui virusi. Daktari huziagiza kwa sababu maalumu, kama choo chenye damu au kipindupindu. Dawa za kufunga tumbo zinazotumiwa na watu wazima hazifai kabisa kwa mtoto mdogo.

Meno hayana kosa

Wengi husema mtoto anaharisha kwa sababu anaota meno. Kinachotokea ni kwamba umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na wadudu huingia kwa njia hiyo. Wengine hudai ana “meno ya plastiki”, wakampeleka kung’olewa. Kile kivimbe cheupe kwenye ufizi ni jino lake la kawaida ambalo halijachomoza. Kulichimbua huleta maumivu, damu nyingi na maambukizi, na tumbo linabaki vilevile. Wapo pia wanaosema mtoto amebemendwa, yaani ameugua kwa sababu wazazi wamevunja mwiko wa tendo la ndoa. Lawama hiyo huwafanya wazazi wagombane au mama aufiche ugonjwa, na saa za kumnywesha zinapotea.

Kinga ni za kawaida: mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula, maji yachemshwe, na choo cha mtoto kitupwe chooni, maana nacho hubeba wadudu. Tumia kikombe na kijiko badala ya chupa ya kunyonyea, ambayo ni vigumu kuisafisha. Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa Tanzania miaka zaidi ya 10 iliyopita, hutolewa kwenye kliniki za kawaida za mtoto katika wiki zake za mwanzo.

Usisubiri

Mpeleke kituo cha afya mara moja ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, amelegea au ni vigumu kumwamsha, ana degedege, tumbo limevimba, au matapishi ni ya kijani. Finya ngozi ya tumbo lake taratibu kisha uiachie. Ikichelewa kurudi, ameishiwa maji. Mwenye homa apimwe malaria. Aliye chini ya miezi sita apelekwe mapema, na anayeharisha siku 14 au zaidi achunguzwe. Njiani, endelea na kijiko.

Yule mama tulimkalisha kwenye kona ya ORS na kikombe kimoja. Kwa kilo zake 10, mtoto alihitaji mililita 750 ndani ya saa nne. Zilipokwisha tukampima tena mtoto, akapewa zinki, wakarudi nyumbani na pakiti mbili. Kesho yake walikuja kuangaliwa.

“Bado anaharisha, daktari,” alisema, akigeuka kunionyesha mgongo. “Lakini tazama kanga yangu.”

Ilikuwa imelowa mkojo kutoka kiunoni hadi chini.