Mafiga Matatu ya Seli: Sitiari katika Ufafanuzi wa Lukemia kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mafiga ni kata katika Manispaa ya Morogoro. Ni jina pia la mawe matatu ya kuinjikia chungu. Makala haya yanachunguza iwapo taswira hiyo, iliyomo katika methali "Mafiga mawili hayainjiki chungu", yaweza kubeba dhana ya kisayansi: jinsi protini za ukoo mmoja zinavyosaidia seli za lukemia, yaani saratani ya damu, kuendelea kuishi. Swali hili si la nadharia tupu. Mgonjwa wa Morogoro aliyepewa imatinibu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hana budi kuelewa kwa nini anaendelea kuimeza hata baada ya kupata nafuu.

2.0 Dhana

Seli hupokea amri za kuishi, kugawanyika au kufa kwa njia ya ishara. Baadhi ya ishara hupitishwa na kinasi, yaani protini zinazobandika fosfati kwenye protini nyingine na hivyo kubadili utendaji wake. Katika lukemia sugu ya mailoidi, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Jeni mbili huungana na kuzalisha kinasi iitwayo BCR-ABL, ambayo hutoa amri ya kuishi bila kukoma. Kasoro hiyo hupatikana pia katika baadhi ya lukemia kali za seli B. BCR-ABL nayo huamsha kinasi nyingine, zikiwamo tatu za ukoo wa SRC: LYN, HCK na FGR.

3.0 Sitiari inaposadifu na inapokwama

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulitumia panya wasio na kinasi hizo tatu. BCR-ABL ilishindwa kuleta lukemia kali ya seli B kama kawaida, lakini lukemia sugu ilitokea vilevile. Basi katika ugonjwa wa kwanza tatu hizo ni mafiga. Katika wa pili chungu hukaa bila hayo. Aidha, kukosekana kwa zote tatu kwa pamoja hakuthibitishi kuwa mbili zisingetosha, kama isemavyo methali.

Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia BCR-ABL lakini haizigusi tatu hizo. Dasatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2006, huzuia pande zote mbili.

4.0 Hitimisho

Sitiari ya mafiga yafaa, mradi mipaka yake itajwe. Hatari kubwa imo katika kitenzi. Tukisema dawa "huondoa figa", mgonjwa atadhani kazi imekwisha. Dawa huzuia tu. Jeni iliyoungana ingali ndani ya seli zilizosalia, na matibabu yakikatizwa bila usimamizi wa daktari, amri ya kuishi yaweza kurejea. Mfasiri anayechagua kati ya "kuondoa" na "kuzuia" anagusa uhai wa mtu.