Bumbire: Samaki Tunavua, Mtoto Je, Anasoma?

*Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wazazi tunakimbilia asilimia. Visiwani, asilimia hiyo inaweza kukupiga chenga. Soma hapa kabla hujashangilia au kumlaumu mwalimu.*

Ukitaja Bumbire, wengi wanawaza sangara, dagaa na mshiko wa haraka. Wapenzi wa historia watakukumbusha mwaka 1875, pale mpelelezi Henry Morton Stanley alipokorofishana na wenyeji akawamiminia risasi. Ni wachache wanaouliza: watoto wa huko shuleni wanaendeleaje? Na hapo ndipo penzi la wazazi linapopimwa kweli kweli.

Nani yuko darasani?

Kisiwa cha Bumbire kiko Ziwa Victoria, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Kagera na shule ni damu damu. Ndiko ziliko Ihungo, Kahororo na Rugambwa, na ndiko alikotoka Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa Kardinali, mwaka 1960. Lakini visiwani ni habari nyingine.

Sangara aliposhamiri ziwani miaka ya 1980, watu walimiminika kwenye mialo kutoka kila pembe. Ndiyo maana darasa la kisiwani linaweza kuwa na Mhaya, Mjita, Mkerewe na Msukuma kwenye dawati moja. Kinachowaunganisha ni Kiswahili, na kwa mtoto aliyezoea Kihaya au Kijita nyumbani, somo la kwanza ni lugha yenyewe.

Halafu wanahama. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwaka kazi inapoa. Samaki wakiadimika, kambi inahamia kisiwa kingine. Baba anakwenda, mama anafuata, mtoto naye huyo! Daftari la mahudhurio linabaki na jina tu.

Asilimia 80 ya nani?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mwaka fulani shule iliandikisha watoto 80 darasa la kwanza. Miaka saba baadaye, 35 wanafanya mtihani wa taifa na 28 wanafaulu. Karatasi itasema ufaulu ni asilimia 80. Safi sana! Lakini 28 kati ya wale 80 walioanza ni asilimia 35 tu. Wengine 45 wako wapi?

Hatusemi wote wamepotea. Wapo waliohamia shule nyingine na wanasoma vizuri tu. Wapo waliorudia darasa baada ya upimaji wa darasa la nne. Lakini wapo pia walioishia mwaloni, na hao hakuna karatasi ya matokeo inayowataja.

Shule ndogo nayo ina mambo yake. Wakifanya mtihani watoto 20, kila mmoja ni asilimia 5. Wawili wakiugua siku hiyo, shule inaonekana imeporomoka. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Kwa hiyo usikimbilie kulinganisha shule ya kisiwani na ya Muleba mjini kwa namba moja.

Kijana na mshiko, binti na dagaa

Mvulana wa darasa la sita akisaidia kuvuta mtumbwi anapata kitoweo na vijisenti. Jioni ananunua chipsi kwa hela yake. Nani atamwambia kitu? Binti naye anaanika dagaa, anachota maji na kulea mdogo wake wakati mama yuko mwaloni. Kesho yake wote wawili wanasinzia kwenye Hisabati.

Kwa binti kuna hatari zaidi: mwanaume mwenye pesa ya usiku mmoja na maneno matamu. Tangu mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na binti aliyepata ujauzito hajamaliza safari: tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu arudi darasani baada ya kujifungua. Mzazi, usimfungie mlango ambao Serikali imeufungua.

Mwalimu naye ana moyo

Tumfikirie na ticha. Kijana kamaliza chuo, kapangiwa kisiwani, mchumba wake yuko nchi kavu. Ziwa likichafuka, boti haziondoki. Kama nyumba ya kuishi hana na kijiji hakimjali, atawaza uhamisho kuliko kufundisha. Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Akiondoka mmoja kwenye shule yenye walimu wachache, madarasa mawili yanabanwa kuwa moja.

Sasa mfanye nini?

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya MMEM, na michango ya lazima ikaondolewa mwaka 2016. Kisingizio cha ada hakipo tena. Kilichobaki ni maelewano kati ya baba na mama:

• Kabla ya kuhama kambi, kaeni mzungumze. Je, mtoto anaweza kubaki na bibi au shangazi mpaka muhula uishe? Mkimwacha, tumeni matumizi na pigeni simu. Bibi peke yake hawezi yote.

• Mkihama naye, chukueni uhamisho. Mwoneni mwalimu mkuu na mhakikishe mnayo namba yake ya PReM. Ndiyo inayobeba taarifa zake kutoka shule moja hadi nyingine.

• Gaweni kazi sawa. Kaka naye achote maji, dada naye apate saa ya kusoma kabla giza halijaingia.

• Kwenye kikao cha wazazi, ulizeni swali moja: walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na leo kila mmoja yuko wapi? Ombeni majina, siyo asilimia.

• Mtunzeni mwalimu. Hata kitoweo na salamu ya jioni vinamfanya ajione nyumbani.

Baba, wavu ukichanika utaushona wiki hii hii. Miaka saba ya mwanao ikipita, utaishonea wapi? Leo usiku, kabla hujaingia ziwani, muulize tu: "Mwanangu, leo mmefundishwa nini?" Halafu msikilize mpaka amalize.