Sani za zamani: Ndumilakuwili auzwe kwa kilo au kwa nakala?

KARATASI kuukuu ina bei mbili katika masoko ya Kilosa na Mikumi. Ya kwanza ni bei ya kilo, ambayo wauza karanga na maandazi wanaijua kwa kichwa. Ya pili ni bei ya nakala moja. Hiyo hulipwa na mtu mmoja kati ya wengi, yule anayetafuta gazeti fulani la toleo fulani kwa sababu ya kilichomo ndani.

Makala haya yanahusu bei ya pili, na hasa magazeti ya katuni ya Sani ya miaka ya 1980 yenye visa vya mwanzo vya Ndumilakuwili. Mwenye furushi kabatini anaweza kupoteza mali kwa kuliuza kwa kilo. Mwenye mtaji mdogo naye anaweza kuuzika kwa kulinunua kwa pupa.

Kwa msomaji kijana, Sani lilitoka Dar es Salaam, na jina lake limetokana na mianzo ya majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ndani yake walikuwamo Lodi Lofa, Kipepe, Dokta Love Pimbi na huyu Ndumilakuwili. Kama kila sinema ina stelingi na adui, basi yeye alikuwa upande wa adui. Jina lake ni la nyoka anayedhaniwa kuuma kwa ncha zote mbili, na ndilo Waswahili wanalompa mtu wa nyuso mbili.

Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliowapa wahusika wa Sani sura zao, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika waliendelea kuchorwa na wengine. Kwa lugha ya soko, kazi ya mkono wake ilifungwa mwaka huo, na kinachoweza kutokea tangu hapo ni kupungua tu.

Na imepungua kweli. Gazeti la katuni halikuwa kitu cha kuhifadhi. Lilisomwa na mwenye nalo, jirani, watoto wa jirani na abiria wa kiti cha nyuma, kisha likaenda jikoni. Mikumi ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, na Kilosa ipo kwenye Reli ya Kati. Miji ya njiani ya namna hiyo hupokea magazeti mengi yaliyoachwa na wasafiri, na huyamaliza haraka kwa kufungia bidhaa. Kilosa iliongezewa na maji. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliingia majumbani na kusomba reli kuelekea Gulwe, na karatasi iliyokuwa sakafuni haikupona.

Hadi hapo mtu anaweza kusema: kitu ni adimu, basi ni ghali. Hapo ndipo wengi huumia. Uhaba peke yake haufanyi bei. Lazima awepo anayetaka.

Tuangalie Marekani, ambako biashara hii imekomaa. Kitabu cha katuni cha Iron Man namba 55 cha Februari 1973 kiliuzwa senti 20. Ndani yake alitokea kwa mara ya kwanza adui aitwaye Thanos. Kwa karibu miaka 40 alijulikana na wapenzi wa katuni tu. Mwaka 2012 akaonekana kwa sekunde chache mwishoni mwa sinema ya The Avengers, na nakala safi za namba 55 zikaja kuuzwa kwa maelfu ya dola. Kitabu hakikubadilika hata ukurasa mmoja. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaomfahamu.

Upande wa pili, Novemba 1992 lilitoka toleo la 75 la Superman, ambamo shujaa huyo anauawa. Liliuzwa kwa mamilioni. Watu walinunua nakala tano tano na kuziacha ndani ya mifuko yake myeusi wakingoja utajiri. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi, hakuna aliyekosa, na bei haikwenda popote. Wimbi hilo lilipokatika, maduka mengi yalifungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe iliomba kinga ya ufilisi.

Sani lina uhaba wa namba 55, lakini halijapata sinema yake. Aidha, Wamarekani wana kitabu cha bei tangu 1970, na tangu mwaka 2000 wana kampuni ya CGC inayopima hali ya nakala na kuipa alama. Hapa kwetu vyote hivyo havipo. Hisa iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ina bei ya kutangazwa. Bei ya Ndumilakuwili ni ile mliyokubaliana wewe na mwenzako mkiwa mmesimama.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mfanyabiashara wa Mikumi anaambiwa furushi la nakala 40 ni sh. 80,000. Analikagua na kukuta 12 tu zina jalada na kurasa zote, na kati ya hizo 5 zina kisa cha Ndumilakuwili. Hizo 5 akibahatika kuziuza sh. 10,000 kila moja anapata 50,000. Saba zilizobaki kwa sh. 3,000 ni 21,000. Nakala 28 mbovu zikienda kwa kilo zinaleta labda 3,000. Jumla ni sh. 74,000. Amepoteza 6,000 kabla ya nauli, na hajui atakaa na mzigo miezi mingapi. Furushi lile lile kwa sh. 40,000 lingemwachia 34,000. Faida hapa hupatikana siku ya kununua.

Kwa hiyo anzia bei ya kilo na upande kidogo kidogo. Usikope kwa ajili ya biashara hii.

Unapokagua, tazama jalada na namba ya toleo kwanza. Kisha fungua katikati, kwenye pini, kwani kurasa za hapo ndizo huchomoka. Jihadhari na nakala za kivuli zilizobanwa upya. Kudurufu na kuuza kazi ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hata kama mchoraji ameshafariki.

Karatasi ya magazeti huwa ya njano na kukatika ikipigwa na jua. Ilaze gizani, juu ya kabati, mbali na mchwa na panya, na wakazi wa bondeni Kilosa hawahitaji kuelezwa kwa nini isiwe chini.

Kwa anayeuza: usitaje bei kabla hujaandika namba za matoleo yote kwenye karatasi moja, pamoja na hali ya kila nakala. Mnunuzi wa mbali hanunui furushi. Anatafuta namba anayoikosa, na akiikuta kwenye orodha yako atapiga simu mwenyewe.