Nani Hulipia Uzamivu wa Siasa na Falsafa?

Shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa ya masomo ya chuo kikuu, hutolewa kwa mtu aliyeandika tasnifu, yaani andiko refu la utafiti linaloongeza jambo jipya katika fani yake na ambalo mwandishi wake hulitetea mbele ya watahini. Katika siasa na falsafa kazi hiyo huchukua kati ya miaka mitatu na saba kutegemea nchi, na katika muda wote huo kuna gharama za aina mbili ambazo vyuo huzihesabu kila moja peke yake: ada ya masomo, na posho ya kujikimu inayolipia pango, chakula na mahitaji ya kila siku. Waombaji wengi wa Afrika Mashariki huanza kwa kutafuta chuo chenye jina na kuliweka suala la fedha kando hadi barua ya udahili itakapofika, ilhali katika fani hizi mbili utaratibu wa malipo ndio unaoamua mwombaji aandike nini, amwandikie nani na katika mwezi gani.

Katika sayansi za maabara, profesa huomba ruzuku kwa ajili ya mradi wake, kisha huajiri wanafunzi wa kufanya sehemu ya mradi huo, hivyo fedha hutangulia na mwanafunzi hufuata. Mwanafalsafa hana maabara, na mtaalamu wa nadharia ya siasa, tawi linalochunguza maana na uhalali wa mambo kama haki, uhuru na mamlaka, huhitaji zaidi vitabu, muda na wasomi wenzake wa kubishana nao, kwa hiyo profesa anayekubali kumsimamia mwanafunzi mara nyingi hana fungu lolote la kumlipa. Hali ni tofauti kidogo katika siasa linganishi, tawi linalopima serikali na jamii za nchi mbalimbali, kwa kuwa huko ipo miradi mikubwa ya utafiti inayoajiri watafiti wanafunzi. Kwa jumla, hata hivyo, fedha za fani hizi humfuata mwombaji mwenyewe kwa sababu ya swali aliloliibua na uwezo wake wa kulijengea hoja.

Nchini Marekani udahili na ufadhili huja pamoja. Idara zenye nguvu huwachukua wanafunzi wachache kila mwaka na kuahidi, kwa kawaida kwa miaka mitano, kuwasamehe ada na kuwapa posho, ambayo sehemu yake hupatikana kwa kazi ya msaidizi wa kufundishia, yaani kuongoza mijadala ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na kusahihisha kazi zao. Miaka miwili ya mwanzo hutumika kwa kozi na mitihani kabla ya tasnifu kuanza, na ndiyo sababu wengi hudahiliwa bila shahada ya uzamili na bila pendekezo kamili la utafiti. Nadharia ya siasa huko ni tawi mojawapo la idara ya sayansi ya siasa, huku falsafa ya siasa ikifundishwa katika idara ya falsafa, na mwenye swali lililo kati ya fani hizo hana budi kusoma maandiko ya walimu wa pande zote mbili kabla ya kuchagua. Maombi hufungwa kwa kawaida kati ya Desemba na mapema Januari, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asishurutishwe kutoa jibu kabla ya tarehe 15 Aprili.

Uingereza ina utaratibu mwingine, na hapo ndipo waombaji wengi hujikwaa. Uzamivu wa huko huchukua miaka mitatu hadi minne, huanza na tasnifu moja kwa moja, na kwa kawaida humtaka mwombaji awe na uzamili pamoja na pendekezo la utafiti. Barua ya udahili husema tu kwamba idara imemkubali. Fedha huamuliwa na kamati nyingine. Fungu la umma hupitia UKRI, shirika lililoanza kazi mwaka 2018 na kuyaweka chini yake mabaraza ya utafiti, ambapo falsafa ipo chini ya AHRC, baraza la sanaa na taaluma za kibinadamu, na sayansi ya siasa ipo chini ya ESRC, baraza la uchumi na jamii. Mwanafunzi hayaombi mabaraza hayo moja kwa moja, bali huomba kupitia chuo chake, na kwa mwaka wa masomo 2025/26 kima cha chini cha posho ya UKRI kilikuwa pauni 20,780. Tangu 2021 raia wa nchi nyingine wanaweza kupewa hadi asilimia 30 ya nafasi zinazofadhiliwa na UKRI, lakini UKRI hulipa ada kwa kiwango cha mzawa tu, hivyo chuo kinachomchukua mgeni hubeba pengo kati ya kiwango hicho na ada ya mgeni.

Kwa sababu hiyo, fedha za vyuo vyenyewe na za serikali zina uzito zaidi kwa Mwafrika Mashariki. Mfuko wa Clarendon wa Oxford humfikiria kila mwombaji aliyewahi tarehe ya mwisho ya Desemba au Januari bila kumtaka ajaze fomu nyingine, na skolashipu ya Gates Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 2000, huombwa ndani ya fomu ileile ya udahili. Mpango wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa mwaka 1959, una skolashipu za uzamivu kwa raia wa nchi zenye maendeleo duni, ikiwemo Tanzania, na dirisha lake limezoeleka kufungwa mnamo Oktoba, kabla hata maombi mengi ya vyuo hayajakamilika. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa uzamivu wa Uingereza, ulioanza 2018, haumhusu mtu anayetoka Nairobi au Dodoma.

Katika bara la Ulaya mambo hubadilika tena. Nchini Sweden, ambako mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka alisomea katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na vilevile Uholanzi, nafasi ya uzamivu kwa kawaida hutangazwa kama ajira ya miaka minne yenye mshahara na bima, na mwombaji hupimwa kama mtu anayeomba kazi. Nchini Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya uzamivu, hivyo hatua ya kwanza ni kumpata profesa aliye tayari kusimamia, kisha barua yake hutumiwa kuomba posho kwa DAAD, shirika la kubadilishana wanafunzi lililoanzishwa 1925, au kwa taasisi zilizo karibu na vyama vya siasa, kama Friedrich Ebert na Konrad Adenauer.

Barani Afrika kwenyewe njia zipo. DAAD imekuwa ikilipia uzamivu katika vyuo vilivyochaguliwa vya kanda hii, na CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lililoanzishwa Dakar mwaka 1973, limekuwa likitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu kwa wanafunzi waliosajiliwa katika vyuo vya Kiafrika. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, chini ya uongozi wa msomi Mahmood Mamdani, ilianzisha uzamivu wenye kozi unaounganisha siasa, historia na uchumi wa kisiasa. Kusoma huku mtu akifundisha si jambo geni pia, kwani mwanazuoni wa siasa Ali Mazrui wa Mombasa, baada ya kupata shahada Manchester na Columbia, alipewa uzamivu wa Oxford mwaka 1966 akiwa tayari mwalimu wa Makerere.

Nyaraka za maombi hufanana kote, ingawa uzito wake hutofautiana. Pendekezo la utafiti, lenye maneno kati ya 1,000 na 2,000 katika vyuo vingi vya Uingereza, hutaja swali, waandishi waliolijibu hapo awali, kasoro za majibu yao na njia ya kulifikia jibu jipya. Anayeandika kwamba atachunguza Ujamaa na maendeleo Tanzania ametaja eneo tu, ilhali anayeuliza iwapo wajibu wa kufanya kazi unaosisitizwa na Azimio la Arusha la 1967 ni sharti la kupata haki za raia, au ni tokeo la haki hizo, amewapa wasomaji wa kamati kitu cha kubishania. Sampuli ya maandishi, yaani insha au sura ya tasnifu ya uzamili, huwa na nguvu kubwa zaidi katika falsafa, kwa kuwa huonyesha namna mwombaji anavyokabili pingamizi kali dhidi ya hoja yake mwenyewe. Barua za wadhamini, ambao kwa kawaida ni walimu watatu, hufaa zinapoeleza kazi mahususi aliyoifanya mwanafunzi, kwa hiyo ni busara kuwapa walimu hao pendekezo, sampuli na orodha ya tarehe miezi miwili kabla.

Zipo pia gharama ambazo matangazo ya ufadhili hayazitaji waziwazi: ada za maombi, ambazo vyuo vingi vya Marekani huzisamehe kwa anayeandika kuomba msamaha huo, mitihani ya Kiingereza, viza, na tozo ya afya ya Uingereza ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Mwenye familia afahamu kwamba tangu Januari 2024 Uingereza imewazuia wanafunzi wengi wa kigeni kwenda na wategemezi, lakini wa uzamivu hawamo katika katazo hilo.

Mtu anayetaka kuanza masomo Septemba anapaswa kuwa na swali lake tayari kufikia katikati ya mwaka uliotangulia, ili Agosti na Septemba awaandikie wasimamizi, Oktoba aombe ufadhili wa kitaifa, na Desemba akamilishe maombi ya vyuo. Akipata udahili usio na fedha, kwanza aiulize idara kama nafasi hiyo inaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja na kama maombi ya ufadhili yanaruhusiwa upya. Kuanza kwa kutegemea michango ya ndugu au kibarua ni hatari hasa katika fani hizi, kwa sababu tasnifu inayokwama mwaka wa pili humwachia mwenyewe deni bila shahada, ilhali mwaka mmoja wa kulinoa swali na kuomba tena haumgharimu zaidi ya subira.